Ncha Iliyobaki Ndani ya Felti

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na wanaonifahamu hapa Ganako watakuambia kwamba mengi ya hayo ni ya kuwasema wengine. Sikatai. Ndiyo maana jambo hili nalieleza mwenyewe. Wakilieleza wao watalipunguza makali kwa kunionea huruma, na huruma ndiyo siitaki.

Nafanya kazi Karatu mjini, kwenye karakana ya Sadiki, yule mwenye duka la magodoro karibu na stendi. Miaka sita iliyopita alinunua mashine kuukuu za kiwanda kilichofungwa, akatafuta wanawake wa kuziendesha, nami nikawa wa kwanza. Tunatengeneza felti. Watu wakisikia kitambaa wanafikiria uzi na mfumaji, lakini felti haina uzi wala haifumwi. Tunachukua mitumba ambayo hata mnadani imekosa mtu, sweta zilizotoboka na mablanketi yaliyoliwa na nondo, tunaikatakata, tunaipitisha kwenye mashine ya kuchana mpaka inarudi kuwa nyuzinyuzi nyepesi ambazo ukipiga chafya zinapeperuka. Tunazitandaza tabaka juu ya tabaka, moja ya kwenda na moja ya kukatiza, mpaka unapata kitu kinene kama godoro lakini dhaifu kiasi kwamba mtoto anaweza kukipasua kwa kidole. Hapo ndipo inapoingia mashine yangu.

Ina ubao wa chuma wenye sindano mia tatu, ncha zote zikitazama chini. Sindano hizo hazina tundu. Pembeni zina vimeno vidogo vilivyolala kuelekea chini. Ubao ukishuka, vimeno vinakamata nyuzi za juu na kuzisukuma hadi chini kabisa; ukipanda, vinaziacha hukohuko. Unapanda na kushuka bila kuchoka, mpaka nyuzi za juu zimejisokota na za chini, za kushoto zimeng'ang'ania za kulia, na hakuna wa kuzitenganisha tena. Gundi hatutumii. Wageni wa kwenda kreta ya Ngorongoro wakiletwa kutuangalia, mimi ndiye ninayewaeleza haya, na dereva wao anatafsiri. Nikimaliza huwa nampa mmoja kipande na kumwambia avute kwa nguvu zake zote. Anavuta mpaka anakuwa mwekundu. Nilikuwa nafurahia sana hapo.

Sasa, sindano hukatika. Nusu inabaki kwenye ubao na ncha inazama ndani ya felti, na ncha ya chuma ndani ya kitu kitakacholaliwa au kuvaliwa si mchezo. Sheria niliiweka mimi mwenyewe. Zima mashine. Tafuta ncha. Ukiipata, ibandike kwa selotepu kwenye daftari la sindano pamoja na kile kipande kilichobaki kwenye ubao, uandike tarehe. Usipoipata, felti yote iliyopita chini ya ubao muda huo inachanwa na kuchomwa moto. Hakuna mjadala. Niliwahi kumliza Hyasinta, mama mtu mzima mwenye wajukuu, kwa sababu sindano ilimkatikia akakaa nusu saa bila kusema. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mtu anayeficha ncha hana tofauti na anayemwekea jirani sumu. Maneno hayo ni yangu, na bado wapo wanaoyakumbuka.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba macho yangu yalikuwa yameanza kufifia. Ya mbali nayaona vizuri tu. Nikisimama mlangoni nakuambia nani anashuka kutoka Rhotia. Ya karibu ndiyo yanachezacheza. Kanisani niliacha kusoma somo la kwanza, nikasingizia koo. Nyumbani mchele nilimpa mkwe wangu achague, nikasema nimechoka. Kununua miwani ilikuwa kazi ndogo, pale sokoni zimejaa. Lakini nilijua nikiivaa tu, Sadiki ataniondoa kwenye ubao na kuniketisha sakafuni na mitumba, kama mtu aliyeanza kazi jana. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu na mashine hiyo ndiyo kitu pekee ambacho watu walinisifia. Nilikataa kuiachia.

Mwezi wa sita tulikuwa na oda ya matandiko kumi na mawili ya punda. Mradi mmoja wa mifugo uliyaagiza ili uwagawie wanawake wa ndani ya Ngorongoro, wale ambao punda ndiye anayewabebea maji, maana mizigo ilikuwa inawachubua punda migongo. Tandiko la mwisho lilikuwa chini ya ubao, kesho yake gari linakuja kuyachukua, nikasikia mlio. Ukiizoea mashine unaujua mlio huo, ni mdogo, kama mtu aliyetafuna mchanga. Nikazima.

Siku hiyo nilikuwa na Eunike peke yake, binti wa Kansay, mwaka wa pili kazini, mpole kupita kiasi. Sindano ya safu ya nne ilikuwa imekatika. Nikapitisha vidole, nikainama, nikageuza tandiko huku na huku. Niliona rangi tu, kijivu na bluu zimechanganyika.

"Mama, nikusaidie kuangalia?" Eunike akauliza.

"Eunike, mimi nilikuwa natafuta ncha wewe ukiwa bado unatafuta njia ya shule. Kalete sumaku kwenye kabati la nje."

Akaenda. Mimi nikafungua daftari, nikarudi nyuma mpaka mwezi wa tatu, nikabandua ncha ya sindano nyingine iliyokatika zamani. Alipoingia na sumaku nikawa nimeishika kati ya vidole viwili.

"Nimeiona," nikasema. "Weka tu sumaku hapo."

Nikaibandika pamoja na kipande kipya, nikaandika tarehe kwa herufi kubwa. Tandiko la kumi na mbili likafungwa na wenzake, likaondoka asubuhi. Nikisema nililala vibaya nitakuwa najipamba. Nililala vizuri. Nilijiambia ncha imeanguka sakafuni, nikaamini, na baada ya wiki nikawa nimesahau kabisa.

Mwezi wa nane, asubuhi moja ya upepo na vumbi, wakaingia wanawake wawili wa Kimasai. Mmoja wa rika langu, mwingine msichana wa miaka kama ishirini, amebeba furushi. Mkubwa alikuwa ameshika tandiko letu chini ya kwapa.

"Takwenya," nikawasalimu, maana salamu yao naijua.

"Iko," wakaitikia wote wawili, msichana kwa sauti ya chini.

Mkubwa akasema anaitwa Naishiye, anatoka upande wa Endulen, na huyu ni Nasieku, mke wa mwanawe Lekishon. Nikawapa benchi. Naishiye akakaa, msichana akabaki amesimama. Kisha Naishiye akalitandika tandiko magotini. Katikati lilikuwa na doa jeusi, gumu, la damu na usaha uliokauka.

"Mama, mlitupa hili bure," akasema. "Watu wa mradi walituambia mtu akiliharibu alirudishe na aseme alivyoliharibu. Sisi tumeliharibu. Nimekuja kuomba msamaha."

Akaeleza taratibu, Kiswahili chake kikienda na kusimama. Punda wao alianza kuvimba mgongoni. Wakadhani ni mzigo, wakampumzisha, wakamrudisha kazini, uvimbe ukarudi. Mumewe akaupasua kwa kisu, ndani ikatoka ncha ya sindano. Wakati huo punda alishaacha kula. Siku ya tatu alilala chini akashindwa kuamka, na fisi hawakungoja afe. Tangu hapo maji wanayabeba wenyewe mgongoni, kwenda na kurudi, asubuhi yote.

"Huyu anashona shanga," akasema, akimwonyesha msichana kwa kidevu. "Hili tandiko alilishonea kamba za ngozi yeye. Na wiki hiyo sindano yake moja ilipotea. Tukamwuliza. Akasema haikupotelea humo. Tukamwuliza tena. Mpaka leo anasema siyo yeye."

Nasieku alikuwa anatazama mashine.

"Baba wa nyumba amesema arudi kwanza kwao, Sale. Ndiko tunakwenda. Siyo kwa ajili ya punda, punda anakufa. Mtu akikosa tunakaa naye. Mtu akikana, hatujui tutakaa naye vipi."

Akafungua kona ya shuka lake, akanipa kitu kidogo kilichofungwa kwenye kipande cha nailoni. Nikakitoa. Kukiona sikukiona vizuri, lakini nilikipitishia ukucha. Ukucha ukakwama. Nikaupitisha tena, ukakwama mara tatu, kimeno, kimeno, kimeno. Sindano ya shanga ni laini mwanzo mpaka mwisho, nyembamba kama unywele. Hakuna mwanamke wa Kimasai duniani aliyewahi kushonea shanga kwa kitu kile. Ilikuwa ya kwangu.

Damu ilinipanda usoni mpaka masikio yakawaka. Walikuwa wananitazama wote, Naishiye kwa heshima, kama mtu anayengoja hukumu kwa mwenye mali. Eunike alikuwa ameacha kufagia. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja. Midomo ikafunguka, na yaliyotoka ni haya:

"Poleni. Ni ajali." Kisha, kwa kuwa kimya kile kilinitisha, nikamgeukia msichana. "Lakini sindano si kitu cha kuchezea, binti. Na ukikosa, sema. Usisumbue watu wazima."

Nasieku akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu. Akarudisha uso kwenye mashine.

Naishiye akanishukuru. Akaniwekea mezani kibuyu cha maziwa alichokuja nacho, akasema ni kidogo tu, ng'ombe siku hizi hawana majani. Nami nikakipokea. Nikasema asante, wafike salama. Wakatoka kuelekea stendi, wakatafute gari la Mto wa Mbu ili huko wapate basi la Loliondo.

"Mama," Eunike akasema walipopotea, "ile ncha niione?"

"Ya nini? Sindano ya shanga tu."

Hakubisha. Akaendelea kufagia, lakini akawa anafagia palepale, kisha akachukua ndoo akaenda kuchota maji.

Niliketi kwenye stuli yangu mbele ya mashine. Nikajaribu kuyapanga mambo yakae upande wangu. Huenda punda alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Huenda yule msichana ana makosa mengine, mkwe hafukuzwi kwa moja. Kwao Sale watampokea, mwezi mmoja Lekishon atamfuata, yataisha. Kila nilichokipanga kiliporomoka, kwa sababu ukucha wangu ulikuwa bado unasikia vile vimeno. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku ya kuzaa mbele ya wanafunzi wa unesi. Ningemkosea mtu mkali ningeweza kujitetea. Hawa walikuja kuniomba msamaha kwa kosa langu, nami nikawasamehe.

Bado nikatafuta mlango wa kutokea. Nikajiambia, labda si ile. Mashine za sindano ziko nyingi duniani. Nikalichukua daftari, nikafungua ukurasa wa mwezi wa sita, nikabandua kile kipande kilichobaki kwenye ubao siku ile. Vikikaa pamoja ni yenyewe, visipokaa niko huru. Nikavikutanisha mbele ya macho. Nikasogeza mbali, nikaleta karibu, nikaenda dirishani. Niliona vivuli viwili vya kijivu vikicheza.

"Eunike, njoo uniangalizie."

Akaja akijifuta mikono. "Nini, mama?"

"Niambie kama hivi viwili ni sindano moja. Mimi sioni."

"Huoni nini?"

"Vya karibu sivioni. Tangu mwaka jana."

Eunike akavichukua, akavikutanisha akiwa amesimama palepale, bila hata kukunja uso. Ilimchukua muda wa kumeza mate.

"Ni moja," akasema.

"Una uhakika?"

"Palipokatika panaingiana, mama. Ndiyo yenyewe hii."

Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba. Akalivuta daftari, akarudisha kurasa moja moja mpaka mwezi wa tatu, akakuta selotepu imeshika kipande kimoja na pembeni yake pako wazi. Akapatazama. Nilingoja aniulize, na nilikuwa nimeandaa ukali wangu wote, maana ndio niliokuwa nao siku zote. Hakuuliza. Akafunga daftari na kuniwekea ncha kiganjani.

"Gari la Mto wa Mbu lilikuwa halijajaa nilipokwenda kuchota maji," akasema. "Ukitoka sasa utawakuta."

Nilitoka na aproni. Nilikuwa natembea, halafu nikajikuta nakimbia, mama mzima, watu wa maduka wananiita Mama Lazaro, kuna nini, nani amekufa. Naishiye alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari la Noah, anamkabidhi konda lile furushi. Nasieku alikuwa ameshaingia.

"Mama Naishiye, subiri."

Akageuka. Alidhani nimemletea kibuyu chake. Nilimwona akinitazama mikono. Nilitaka kumvuta pembeni, tuzungumze nyuma ya kibanda cha chips. Hata nikamshika mkono. Lakini gari lilikuwa tayari, na msichana alikuwa ndani, na jambo lilikuwa lake zaidi ya la mtu mwingine yeyote. Nikamwachia mkono.

"Ncha hii ni ya mashine yangu," nikasema. "Ilikatika siku tunatengeneza tandiko lenu. Nikaitafuta nikaikosa, nikadanganya kwamba nimeipata. Huyu binti hakukosa kitu."

Konda alibaki na furushi mikononi. Nikapitisha mkono dirishani nikampa Nasieku ile ncha. "Pitisha ukucha," nikamwambia. "Sindano yako ina vimeno?" Akapitisha. Akapitisha tena, polepole, kutoka juu kwenda chini. Kisha akampa mama mkwe wake, kwa mikono miwili. Naishiye naye akapitisha ukucha wake, na nikaona uso wake unabadilika.

"Ulipoishika kule ndani," akaniuliza, "ulijua?"

Hilo ndilo swali nililolikimbia tangu nilipotoka mlangoni. Ningeweza kusema nimegundua baadaye, nilipoangalia daftari. Ungekuwa uongo mdogo tu na hakuna ambaye angeubaini isipokuwa Eunike, na Eunike hasemi.

"Nilijua."

"Ulipomwambia akikosa aseme?"

"Nilijua."

Naishiye akavuta shuka lake begani. Hakunitukana. Nilitamani anitukane, nimezoea kelele, kwenye kelele naweza kusimama. Alimtazama mkwe wake kwa muda mrefu, akamwambia kitu kwa Kimasai, maneno machache. Kisha akamnyang'anya konda lile furushi na kulibeba mwenyewe.

"Baba yake alishapigiwa simu," akaniambia. "Wazee wanatungoja leo. Nikifika mimi na kusema huyu hana kosa, watasema mume wangu ameona haya, amebadili maneno. Tukirudi nyumbani bila kufika, wataamini tuliyosema jana. Kwa hiyo wewe ndiye utasema."

"Nitapiga simu," nikasema. "Nipe namba, naongea nao hapahapa."

"Simu ndiyo iliyomshtaki. Wewe utakwenda."

Sale siijui. Sijawahi kupita Mto wa Mbu kwenda upande ule. Nyumbani sikuaga, nilikuwa na aproni iliyojaa nyuzi, na Sadiki alikuwa bado hajajua kwamba msimamizi wake haoni. Nikampigia Eunike. Nikamwambia amweleze Sadiki yote, na ukurasa wa mwezi wa tatu amwonyeshe, na mashine aishike yeye. "Sawa, mama," akasema. "Miwani nikununulie?" Nikakata simu.

Nikapanda. Nafasi iliyokuwa imebaki ni kando ya Nasieku. Alivuta shuka lake ili lisiguse aproni yangu, akageukia dirishani, na gari likaondoka kuelekea Rhotia. Kichwani nilikuwa napanga maneno. Nilitafuta namna ya kulisema jambo langu kwa upole, kwa sauti ya chini, niwe nimekaa na baba yake na mzee mmoja au wawili tu, ndani ya nyumba. Nilikuwa nimeanza kuona linawezekana.

Tulipofika Manyara, msichana akazungumza nami kwa mara ya kwanza. Alisema bila kunigeukia.

"Baba yangu hasikii vizuri," akasema. "Itabidi useme kwa sauti, nje, boma zima lisikie."

Nikamwambia nitasema.